Ufutaji Rasmi wa Kumbukumbu za Seva Tatu

Napenda kuutangazia umma wa Mkoa wa Katavi, wadau wa maendeleo, na wote wenye mapenzi mema na kompyuta, kwamba zoezi la kufuta kumbukumbu za miunganisho katika seva zetu tatu limekamilika kwa asilimia mia moja. Lilikamilika siku ya Alhamisi, saa saba na dakika kumi na mbili mchana, kwa mafanikio ambayo sikuyatarajia na ambayo, kama ningeombwa idhini, nisingeyaruhusu. Itifaki haikuzingatiwa.

Mimi naitwa Leodgar. Wakati zoezi linaanza nilikuwa Mratibu wa Kanda wa Mfumo Unganishi wa Vibali vya Mazao, Mifugo, Samaki na Mengineyo. Hilo neno "Mengineyo" nililiongeza mwenyewe, baada ya vikao vinne, na bado naliona kuwa mchango wangu mkubwa kwa taifa. Kazi ya mfumo ni nyepesi kueleza. Mtu akitaka kusafirisha mzigo anaomba kibali kwetu, kibali kinaingia kwenye kompyuta, na mtunza kizuizi barabarani anakiona kwenye kioo chake kabla hajainua mti. Zamani tulitumia karatasi. Karatasi tulizipiga marufuku kwa waraka, na waraka huo tukalazimika kuuchapa kwenye karatasi, nakala mia mbili.

Hata barua za watumishi tulizihamishia humo. Mtu akipandishwa cheo, akipewa likizo, akipewa onyo, barua yake inamkuta kwenye mfumo, anaifungua kwa neno lake la siri, basi. Na niseme kwa fahari kwamba kwa miezi mitano mfululizo ofisi yetu haikupokea barua hata moja kutoka makao makuu. Mimi na Mkurugenzi wangu tuliijadili hali hiyo kikaoni, tukaiandika kwenye taarifa ya robo mwaka kuwa ni dalili ya kuaminiwa.

Sasa hizo seva. Seva ni kompyuta ambayo haina kazi nyingine zaidi ya kuzijibu kompyuta nyingine. Sisi tunazo tatu: moja Mpanda mjini, moja Ikola kando ya ziwa, moja Kibaoni. Zinafanya kazi kama kundi, moja ikizimika nyingine zinabeba mzigo wake, na wananchi hawajui kinachoendelea. Kwa kawaida wananchi hawajui kinachoendelea hata zote tatu zikiwaka. Nyuma yake kuna kanzidata, yaani ghala lenyewe la taarifa: nani ni nani, na ana ruhusa gani. Seva haiulizi njia ya kwenda ghalani kila mara. Ikishaonyeshwa mara moja, inaishika kichwani ili ifanye haraka.

Mwezi wa Juni tulilihamisha ghala. Lilitoka jengo la zamani Kashaulili likaenda jengo jipya Nsemulwa, utepe ukakatwa, ngoma zikachezwa. Mashine ya zamani hatukuizima, kwa sababu kamati ya kuizima haikutimiza akidi. Ikabaki Kashaulili peke yake chumbani, ikimjibu kila anayeiuliza, na majibu yake yote ni ya kabla ya Juni. Hakuna aliyeziambia seva zetu kwamba ghala limehama. Mwenye jukumu la kuziambia, kwa mujibu wa mwongozo wa kazi, alikuwa Mratibu wa Kanda. Niliupitia mwongozo huo mara mbili nikitafuta jina la mtu mwingine.

Aliyeligundua tatizo hakuwa mtaalamu. Alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, anaitwa Prisila.

Prisila ni mzaliwa wa makazi ya wakimbizi ya Mishamo. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi, na yeye aliomba uraia, akasubiri kwa miaka, akaupata mwaka huu mwezi wa saba. Cheti chake anatembea nacho ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amenunua dagaa Ikola, akawaanika mwenyewe kwenye nyavu mchangani na wanawake wenzake, akajaza viroba sitini, akakodi lori la kwenda Sumbawanga. Kibali alipewa hapa hapa ofisini na Raya, fundi wetu wa mitambo, ambaye meza yake ndiyo pekee iliyounganishwa moja kwa moja na ghala jipya. Lori likafika kizuizi chetu cha Sitalike siku ya Jumamosi. Mtunza kizuizi, Melkior, akaandika jina, kioo kikawa chekundu, mti haukuinuliwa. Jumatatu asubuhi mama akawa mbele ya meza yangu.

"Mfumo unasemaje?" nilimuuliza.

"Unasema ombi langu la uraia linasubiri. Linasubiri nini, baba, na cheti hiki hapa?"

Nilikipokea cheti, nikakigeuza nyuma na mbele, nikamrudishia. "Mama, cheti kinakutambua. Mfumo ndio haukutambui."

"Sasa mi nifuate kipi?"

"Mfumo. Cheti ni karatasi."

"Yoo! Na huo mfumo umenijulia wapi? Mi sijawahi kuonana nao."

Nilimweleza kwamba mfumo haulazimiki kuonana na mtu. Alinisikiliza vizuri tu, mikono juu ya magoti. Kisha akasema, "Baba, mvua zinaanza. Turubai la lile lori lina matundu. Dagaa wakilowa wanaota ukungu, na wakiota ukungu mi sina kitu tena. Msimu wangu wote umekaa juu ya lile lori."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, chini ya kichwa "Changamoto za hali ya hewa".

Raya alikuwa amesimama mlangoni. Ni mwanamke wa Mpanda mjini, mtu wa maneno machache, na tabia yake mbaya ni kujua kazi. "Bosi," alisema, "seva zimeshika njia ya zamani. Zinakwenda kuuliza Kashaulili. Tufute hizo kumbukumbu, zitauliza njia upya, zitaonyeshwa Nsemulwa. Ni dakika moja. Ila zifutwe zote tatu kwa mpigo."

"Kwa nini kwa mpigo?"

"Kwa sababu zinasikilizana. Hizi ni kama wazee watatu wa kijiwe cha kahawa. Ukimwondolea mmoja habari ya zamani, akigeuka tu anawauliza wenzake, wenzake wanamwambia ile ile, naye anaishika tena. Nimpigie Aurélie kule Ikola, nimpigie Dafrosa kule Kibaoni, kila mmoja akae mbele ya mashine yake. Nahesabu moja, mbili, tatu, tunabonyeza. Mama huyu kesho yuko Sumbawanga."

Prisila akaanza kusimama, kama mtu aliyekwisha kusaidiwa. Nikamwomba aketi.

"Na mgeni rasmi?" nilimuuliza Raya.

Raya hakuelewa swali. Ni lazima nieleze kwa faida ya wasiofanya kazi na sisi. Katika ofisi yetu kitu hakijafanyika mpaka kizinduliwe, na hakijazinduliwa mpaka mgeni rasmi akifanye kwa mkono wake mwenyewe. Kisima tulikizindua, choo tulikizindua, na mwaka juzi tulizindua mafagio sita ya usafi wa mazingira, ambapo Mkurugenzi alifagia hatua nne mbele ya wapiga picha. Mambo ya kubonyeza kwa simu, kila mtu kituoni kwake, bila hotuba, kwa lugha ya ofisi yanaitwa ufutaji holela. Nikalipeleka suala kwa Mkurugenzi kwa dokezo lenye viambatisho vitatu.

"Seva ngapi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Tatu, Mheshimiwa."

"Basi nitazifuta zote tatu, moja baada ya nyingine. Andaa msafara."

Raya akasema, "Mheshimiwa, ndicho nachosema, isiwe moja baada ya nyingine."

"Binti," Mkurugenzi alimjibu kwa upole, "mimi nina kidole kimoja cha kubonyezea."

Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Naomba ieleweke kwamba hakuna aliyenilazimisha kutikisa. Nilitikisa kabla hajamaliza sentensi.

Jumatatu hiyo hiyo, saa tisa alasiri, tukafuta Mpanda. Kulikuwa na mahema mawili, kwaya, na fulana zilizoandikwa "Futa Jana, Ijenge Kesho", maneno niliyoyatunga mwenyewe. Mkurugenzi alihutubia kwa dakika hamsini kuhusu historia ya kusahau. Alibonyeza. Tukapiga makofi ya kilo, tukapiga na ya tani. Baada ya dakika saba Raya akanijia akaninong'oneza kwamba seva imeuliza Ikola, ikauliza Kibaoni, ikaambiwa Kashaulili, na sasa inakwenda Kashaulili kama kawaida. Nilimwambia mshereheshaji atangaze kwamba zoezi limefikia asilimia thelathini na tatu.

Jumanne tukaenda Ikola, magari mawili, vumbi la kutosha. Wanawake walikuwa wameanika dagaa ufukweni, ikabidi waondoe nyavu zao ili hema la mgeni rasmi lipate upepo wa ziwa. Mashine yetu pale inatunzwa na Aurélie, mama mtu mzima ambaye huifunika kwa kanga ili isipate mchanga. Mkurugenzi akahutubia, akabonyeza, akapigwa picha akibonyeza, akabonyeza tena kwa sababu mpiga picha alikuwa hajajiandaa. Tulikuwa bado hatujafungua soda Aurélie akatoka ndani.

"Mheshimiwa, imesafika," alisema, "halafu imeshachafuka."

"Asilimia ngapi hiyo?" Mkurugenzi aliniuliza.

"Sitini na sita," nilisema.

Jumatano tukafanya kikao cha tathmini. Wajumbe walibaini kwamba seva zinajifunza upya mambo ya zamani kwa sababu msafara unachukua muda mrefu mno kutoka kituo hadi kituo. Azimio likapitishwa kwa kauli moja: madereva waongeze mwendo. Raya alinyoosha mkono akauliza ni mwendo gani utakaomfikisha mtu Ikola, Mpanda na Kibaoni ndani ya dakika moja. Katibu wa kikao akaandika, "mwendo wa kutosha". Katibu wa kikao nilikuwa mimi.

Nilipotoka nilimkuta Prisila barazani, ameegemea nguzo, mfuko wake wa nailoni mapajani. Alikuwa amekuja kwa bodaboda kutoka Sitalike. Nilijaribu kupita kama mtu mwenye haraka, lakini mimi sina mwendo wa namna hiyo.

"Habari ya kule ndani, baba?"

"Nzuri, mama. Tumefika asilimia sitini na sita."

Akapiga hesabu, midomo ikimcheza. "Kwa hiyo viroba arobaini vinaweza kupita?"

Nilimweleza kwamba asilimia za ofisi hazitumiki hivyo.

"Sasa zinatumikaje?"

Nimekuwa nikiandika asilimia kwa miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Aliniambia usiku uliopita yalidondoka manyunyu, yeye na utingo wa lori wakalala juu ya viroba, wamelitandaza turubai kwa miili yao ili yale matundu yasikae juu ya mzigo. Aliniambia bila kulalamika, kama anayetoa taarifa ya kazi. Niliona aibu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kwenye fomu ya taarifa halina sehemu ya kujazwa. Nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikapanga orodha ya viti vya meza kuu ya Kibaoni.

Alhamisi msafara ukaondoka kwenda Kibaoni kwa mwendo wa kutosha. Saa sita na nusu tulikuwa tumefika Sitalike, na Mkurugenzi akasema hawezi kuvuka hifadhi na njaa. Tukaketi katika mgahawa unaotazama kizuizi. Mtoni viboko walikuwa wakikoroma, na upande wa hifadhi mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi kabisa, ya kutisha. Lori la Prisila lilikuwa palepale, la kwanza kwenye foleni, na harufu ya dagaa ikija na upepo mpaka kwenye sahani zetu. Mkurugenzi aliomba meza ihamishwe.

Nilipokwenda kunawa mikono kwenye pipa la nje, Prisila akanifuata. Hakulia, hakupiga magoti. Aliuliza swali la kazi.

"Baba, hebu nieleze. Hicho kitu chenyewe kinafanywaje?"

Nikamweleza kama Raya alivyonieleza mimi: mashine tatu, zinasikilizana, zifutwe kwa pamoja.

"Ego," akasema, "ndiyo, nimeelewa. Ni kama sisi tukianika, mvua ikija ghafla. Wavu una pembe nne, watu wanne wanashika, mmoja anaita, tunainua pamoja. Ukiinua pembe moja peke yake dagaa wote wanamwagikia upande wa pili." Akanitazama. "Sasa nyie mnazunguka na magari mkiinua pembe moja moja?"

"Kwa muhtasari, ndiyo."

"Na hao wenye mashine wapo?"

"Wapo. Aurélie yupo Ikola, Dafrosa yupo Kibaoni, Raya yupo Mpanda. Wako mezani kwao tangu asubuhi."

"Wana simu?"

"Wana simu."

"Sasa nani anazuia?"

"Utaratibu, mama."

"Yuko wapi nikamwombe?"

Niligeuka nikamtazama Mkurugenzi, ambaye alikuwa anashughulika na paja la kuku. Nikatazama mbingu. Tone moja kubwa likaanguka juu ya mfuniko wa pipa, likafuatwa na kimya. Nilihisi kitu ambacho sikumbuki kukihisi kazini, ila kinafanana na hasira, na aliyekuwa amenikasirisha nilikuwa mimi.

Jambo nililofanya baada ya hapo litaitwa uzembe kwenye taarifa rasmi. Nilitoa simu yangu, nikatafuta jina la Raya, nikapiga, nikaiweka simu mikononi mwa Prisila. Nikasema mimi nakwenda kunawa mikono. Nilikuwa nimekwisha kunawa. Nikanawa tena, taratibu, mpaka kwenye viwiko.

Raya ameniambia baadaye kwamba simu iliingia kutoka namba ya Mratibu, na sauti ya mwanamke ikasema, "Dada, bosi wako ananawa mikono. Waite wenzako wote kwenye simu, tuinue huu wavu." Raya hakuuliza swali hata moja. Aliwaunganisha Aurélie na Dafrosa. Mimi, nikiwa na sabuni mikononi, nilisikia nyuma yangu sauti iliyozoea kushindana na upepo wa ziwa.

"Mmeshika wote? Ikola umeshika? Kibaoni? Mpanda? Haya! Moja, mbili, inua!"

Saa saba na dakika kumi na mbili. Hakuna kwaya.

Kwa muda wa kuhesabu kumi hakikutokea kitu. Kisha pale kwenye kibanda cha kizuizi Melkior akatoka mbio, kijana wa zamani huyu mwenye miaka hamsini na saba, kofia imemwanguka.

"Mama Prisila! Umeonekana! Njoo uone, umeonekana! Raia wa Tanzania, kibali hai, viroba sitini!"

Prisila alikimbia kibandani akajitazama kwenye kioo, jina lake limekaa kwenye rangi ya kijani. Alicheka sana. Halafu akaficha uso ndani ya kitenge kwa muda mfupi. Halafu akatoka nje akamfokea dereva wa lori kwa nini mpaka saa hizi hajawasha gari.

Mkurugenzi, ambaye hakuelezwa lolote, alikuwa amemaliza kula. Aliona mbingu, akasema twende Kibaoni kabla barabara haijaharibika, watu wanatusubiri. Magari yetu mawili yakalipita lori kwa pembeni, yakaingia mbele yake, yakasimama pua kwa pua na mti wa kizuizi. Ndivyo msafara unavyofanya. Melkior akaja dirishani na kishikwambi chake, kwa sababu magari ya ofisi nayo hukaguliwa, na kwa miezi yote hiyo yalikuwa yakipita bila shida. Akaandika namba. Akaandika jina. Akakifuta kioo kwa mkono wa shati, akaandika tena.

"Mzee, samahani," alisema. "Hapa kuna wekundu."

"Wekundu wa nini?"

"Hapa inasema Mkurugenzi alistaafu Juni thelathini. Na hili gari linatafutwa."

Kabla Mkurugenzi hajapata la kusema, simu yake ililia. Ikalia tena. Ikalia mara kumi na nne bila kupumzika, na yangu ikalia mara tatu. Zilikuwa barua zetu. Makao makuu yalikuwa yameandika miezi yote mitano, barua zikaingia kwenye ghala jipya la Nsemulwa, na sisi tulikuwa tunachungulia la Kashaulili. Mkurugenzi akaweka neno lake la siri, akasoma, na kwa kuwa hana miwani ya kusomea alisoma kwa sauti. Barua ya kustaafu. Barua ya pongezi. Taarifa ya hafla ya kumuaga, iliyofanyika Agosti bila yeye, na picha zake zimeambatishwa, keki imekatwa na mtu mwingine. Barua kumi na moja zilizobaki zote ziliuliza gari liko wapi.

Nikafungua zangu. Ya kwanza ilinitaarifu kwamba cheo cha Mratibu wa Kanda kimefutwa baada ya tathmini kushindwa kubaini kazi yake. Ya pili ilinipangia kituo kipya: Kizuizi cha Sitalike, msaidizi wa mtunza kizuizi, kuripoti Julai mosi. Ya tatu ilinitaka nijieleze kwa nini sijaripoti.

Melkior alikuwa anachungulia juu ya bega langu. Ni mtu muungwana, hakucheka. "Kumbe ni wewe?" alisema. "Mi niliomba msaidizi toka mwezi wa tano. Wakanijibu keshaletwa. Kila siku natazama hii barabara nasema, huyu msaidizi wangu kapotelea wapi."

"Nilikuwa kwenye vikao," nilimwambia.

Matone yakaanza kugonga mabati ya kibanda. Nyuma yetu lori likapiga honi, ndefu, na kichwa cha Prisila kikatokea dirishani. "Nyie watu! Mzigo unalowa!"

"Asipige kelele huyo," alisema Mkurugenzi. Kisha akanigeukia, kama alivyonigeukia kwa miaka kumi na moja kila palipokuwa na jambo gumu. "Leodgar, mweleze huyu mlinzi mimi ni nani."

Nilijua alichotaka. Alitaka nitikise kichwa. Nilikitazama kile kioo chekundu, nikatazama turubai lenye matundu, nikasikia mvua ikikaribia kutoka msituni. "Mzee," nilisema, "kwa mujibu wa kioo hiki, wewe ni mwananchi."

"Mwananchi!" alisema, kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Msaidizi," Melkior akaniita, na nikachelewa kidogo kujua kwamba anayeitwa ni mimi. "Toa haya magari barabarani, lori lipite."

Basi nikashuka. Niliwaambia madereva warudi nyuma, na madereva, ambao tangu jana yake walikuwa wameamriwa waongeze mwendo, walirudi nyuma kwa furaha niliyoiona. Mti wa kizuizi umefungiwa jiwe upande mmoja, lakini kamba yake imechakaa na inahitaji mikono miwili. Niliandika waraka wa kurasa tisa kuhusu mti ule na sikuwahi kuushika. Nikauvuta. Ukapanda nusu, ukakwama, nikaning'inia kwenye kamba kwa uzito wangu wote wa kiofisi, ukapanda.

Lori likaunguruma likaja. Utingo alikuwa juu, amelalia turubai kifudifudi, mikono na miguu ameitanua. Prisila alitoa kichwa nje lilipokuwa linapita.

"Vuta vizuri, baba! Juu zaidi, usinichanie turubai!"

Nikavuta juu zaidi. Lilipita lote, mwanzo mpaka mwisho, viroba sitini, na mimi nimesimama chini ya mti, shati limelowa, harufu ya dagaa imenijaa puani. Sijui kama nimewahi kufanya kazi kabla ya siku ile. Nilipouachia mti ukashuka wenyewe kwa kishindo, na hapo mvua ikaja kwa kweli, ile ya Katavi isiyoanza taratibu.

Mkurugenzi alikuwa ameshuka kwenye gari ambalo halikuwa lake. Alisimama karibu nami chini ya kibati cha kibanda, viatu vyake ndani ya maji.

"Sasa Kibaoni je?" aliniuliza. "Watu wamekaa kwenye mahema. Nani atabonyeza?"

"Dafrosa kabonyeza, mzee. Aurélie naye, na Raya. Tangu saa saba."

"Bila mgeni rasmi?"

"Bila mgeni rasmi."

Maji yalikuwa yakimtiririka shingoni. "Na imekubali?"

Nikamwonyesha barabara ya Sumbawanga. Lori lilikuwa limekwisha kuingia msituni.